Chuo Kimfae Mtoto, Si Kitufae Sie Harusini



Wiki mbili nyuma rafiki yangu mmoja anayekaa Virginia alinipigia simu saa sita za usiku. Nilidhani kuna msiba. Kumbe binti yake amekubaliwa na vyuo viwili, na nyumba nzima haina usingizi. Kimoja ni chuo ambacho hata bibi yake kule Unguja keshalisikia jina lake redioni. Cha pili ni chuo kidogo, wanafunzi elfu mbili hivi, kimezungukwa na mashamba ya mahindi, na mwenyewe alinikiria kuwa hakujua kiko jimbo gani mpaka alipofungua ramani. Mtoto anakitaka hiki cha pili. Mama yake analia. Na suali la rafiki yangu halikuwa "kipi bora?" Aliniuliza: "Sasa watu nitawaambia nini?"

Sikumcheka. Suali hilo na mie nshajiuliza, na jawabu nililolichagua wakati ule lilimgharimu mwanangu miaka miwili. Kwa kuwa tarehe 1 Mei, ambayo vyuo vingi vya hapa Marekani vinataka jibu, haiko mbali, na najua wapo wengine wenye barua mezani, nimeona niyaeleze haya ninavyoyajua.

Kijana wangu mkubwa aliingia mwaka 2012 katika chuo kikubwa chenye sifa. Sitakitaja, wala sikilaumu, manake wapo waliosoma pale wakatoka wanakisifu hadi leo. Barua ilipokuja nilimpigia mama yangu, naye akapika biriani akawagaia majirani. Kwenye harusi za kwetu hapa Ohio nilikuwa nangoja tu niulizwe. Si mnajua tena: mtu hata hajakaa kitako keshakuuliza, "Na mkubwa yuko wapi siku hizi?" Nami nalitaja jina kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kujisifu!

Kumbe huku mtoto anazama. Darasa lake la kemia lilikuwa na watu zaidi ya 300 ndani ya ukumbi mmoja. Profesa yuko mbali kama imamu wa Idi uwanjani, na masuali ya wanafunzi yanajibiwa na wasaidizi ambao wenyewe bado wanasoma uzamivu na akili zao ziko kwenye tasnifu zao. Alama zilikuwa zinapangwa kwa kulinganishwa, yaani huwezi kupata A ila umpite mwenzako, na wenzake wengi walikuwa wameshasoma kemia ileile miaka miwili katika skuli za kulipia. Kila nikimuuliza ananambia, "Safi tu, baba." Alikuwa mtoto wa kimya, wa kufanya kitu kwa mikono, wa kuuliza pembeni baada ya darasa watu wakishatoka. Mtoto wa namna hiyo ukimtia katika ukumbi wa watu 300 hatamuuliza mtu chochote. Mie baba yake nilikuwa nalijua hilo tangu yuko darasa la nne, na sikulitia katika hesabu hata siku moja.

Baada ya mwaka wa pili ikaja barua ya kumsimamisha. Nilipokwenda kumchukua tulikaa njiani saa nne, na neno alilonambia ni moja tu: kwamba kwa miaka miwili hakuna mwalimu aliyelijua jina lake.

Basi turudi kwenye hili jambo la sifa, tuone linatoka wapi. Orodha za kupanga vyuo kwa madaraja, zinazowatia watu wazimu, zilianza mwaka 1983, pale gazeti la U.S. News & World Report lilipowauliza wakuu wa vyuo ni vyuo gani wanaviona bora. Ndo hivyo tu. Hapakuwa na kipimo kingine ila maoni ya wakubwa juu ya vyuo ambavyo vingi hawajapata kuvitia mguu. Hesabu ziliingizwa baadaye: ukubwa wa madarasa, mishahara ya waalimu, fedha zinazotumika, wangapi wanamaliza. Lakini hesabu nyingi kati ya hizo zinapelekwa na vyuo vyenyewe, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 2022 profesa mmoja wa hisabati wa Columbia alizikagua hesabu za chuo chake mwenyewe, ambacho wakati huo kilikuwa nafasi ya 2, akaonyesha hadharani kuwa haziendi sawa. Septemba ya mwaka huohuo chuo kikakiri kuwa takwimu za ukubwa wa madarasa na za shahada za waalimu zilikuwa na makosa, na orodha mpya ikakishusha mpaka nafasi ya 18. Hebu fikirini: mwanafunzi aliyekuwa pale mwaka ule, mwalimu wake alisahau somo usiku mmoja? Vitabu vilitoka maktaba vikakimbia? Hakuna kilichobadilika kwake ila namba. Chuo cha Reed kule Oregon kilikataa kushiriki tangu mwaka 1995, na hakijafungwa milango.

Tena kuna hizi barua nzuri zenye picha za majani mekundu zinazomjia mtoto mara tu akishafanya mtihani wa SAT. Wazazi wengi hudhani chuo kimemwona mtoto wao. Si hivyo. Bodi ya mtihani ule kwa miaka mingi imekuwa ikiviuzia vyuo majina ya wanafunzi, na chuo kikipata waombaji wengi kikawakataa wengi huonekana adimu. Kizuri chajiuza, waungwana.

Sasa, sisi watu wa Afrika Mashariki hatukupaswa kufundishwa hili na mtu. Miaka ya 1950 kwetu sifa ilikuwa Makerere, iliyotoa shahada za Chuo Kikuu cha London, na ukivuka bahari basi ni Uingereza. Maofisa wa elimu wa kikoloni walizidharau shahada za Marekani. Tom Mboya alipoanza kupeleka vijana huku mwaka 1959, ndege ya kwanza ikiwa na wanafunzi 81, wengi wao walikwenda kwenye vyuo ambavyo Nairobi hakuna aliyevisikia. Mwaka 1960 alikuja msichana mmoja kutoka Nyeri, akapelekwa Mount St. Scholastica, chuo cha wanawake kinachoendeshwa na masista wa Kibenediktini katika mji mdogo wa Atchison, Kansas, ukingoni mwa mto Missouri. Akasoma biolojia, akamaliza 1964, akaenda Pittsburgh kwa shahada ya pili, na udaktari akaupata Nairobi mwaka 1971. Ndiye Wangari Maathai, aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 2004. Mwenyewe aliwasifu masista wale maisha yake yote. Kofi Annan naye, shahada yake ya uchumi ya mwaka 1961 ni ya Macalester, chuo kidogo kule Minnesota. Nisieleweke vibaya, sisemi ukienda chuo kidogo utapata Nobel! Nasema jina la chuo halikuwazuia.

Atasema mtu: hizo hadithi za watu wawili, takwimu ziko wapi? Zipo, na lazima nizieleze kwa haki, manake zina pande mbili. Mwaka 2002 wachumi wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walitoa utafiti wa wanafunzi walioanza vyuo mwaka 1976. Hawakulinganisha ovyo waliosoma vyuo vikubwa na waliosoma vidogo, kwa kuwa ni wazi wa vyuo vikubwa wanaingia na alama za juu. Waliwalinganisha wanafunzi walioomba na kukubaliwa na vyuo vya namna moja, kisha mmoja akaenda kwenye chenye sifa na mwenziwe akaenda kisicho na sifa hiyo. Kwa wastani, mapato yao baadaye hayakutofautiana. Kwa maneno mengine ni mtoto mwenyewe, bidii yake na akili yake, vinavyoonekana kwenye mshahara.

Lakini hapa sisi tusikie vizuri. Wachumi haohao waliporudi kulitazama jambo hili kwa takwimu mpya zaidi, waliona kuna watu ambao chuo chenye sifa kiliwaongezea: wanafunzi weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini, na wale ambao wazee wao hawakusoma sana. Sababu inaeleweka. Mtoto wa wakili ana wajomba wa kumpigia simu za kazi, mtoto wa dereva wa teksi hana, kwa hiyo chuo ndicho mjomba wake. Na utafiti mwingine wa mwaka 2023, wa Chetty na wenzake, ulikuta kuwa vyuo vichache vya juu kabisa haviongezi sana mapato ya wastani, ila vinaongeza kwa kiasi kikubwa nafasi ya mtu kuingia katika ile asilimia moja ya matajiri na katika makampuni yenye majina. Kwa hiyo mtoto anayetaka benki za Wall Street, jina litamsaidia, tusidanganyane. Anayetaka uuguzi je? Mtihani wa leseni, NCLEX, ni uleule kwa aliyesoma chuo cha ada ya kutisha na kwa aliyesoma chuo cha mjini kwao, na bodi za uuguzi za majimbo hutangaza ni asilimia ngapi ya wanafunzi wa kila chuo wamefaulu. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta, si nafasi ya chuo gazetini. Mhandisi naye aangalie kama programu yenyewe imethibitishwa na ABET.

Nije kwenye fedha, manake hapa ndipo wenzetu wengi wanapoumia, na wanaumia kwa njia mbili zilizo kinyume.

Wa kwanza ni yule anayeona bei kwenye karatasi akakimbia. Bei ile si bei. Ni kama bei ya kwanza Darajani: inatajwa ili mazungumzo yaanze. Tangu Oktoba 2011 sheria inavitaka vyuo viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha bei halisi: unatia mapato yako na ukubwa wa familia, kinakupa makisio ya utakacholipa wewe baada ya ruzuku. Kuna vyuo vyenye majina makubwa na fedha nyingi ambavyo kwa familia ya kipato cha kawaida ni rahisi kuliko chuo cha jimbo. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, haitozi ada familia zenye mapato ya dola 200,000 na kushuka chini, zikiwa na mali za kawaida. Kule Kentucky kuna Berea, kilichoanzishwa 1855, ambacho hakijatoza ada tangu 1892. Kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni saa zisizopungua 10 kwa wiki. Wangapi kati yetu tunaijua Berea? Binti yangu alipoomba mwaka 2016, chuo cha jimbo letu kilisema dola 26,000 kwa mwaka pamoja na malazi, na baada ya msaada tungelipa kama 22,000. Chuo kidogo kilisema 57,000. Mke wangu aliiona ile namba akaifunga karatasi. Barua ya msaada ilipokuja, sehemu yetu ilikuwa 15,000.

Wa pili ni yule anayelipa jina kwa mkopo. Serikali ina mkopo wa wanafunzi, ambao una kikomo, na ina mkopo wa wazazi, ambao kwa miaka mingi mzazi aliweza kukopa mpaka gharama nzima ya chuo. Mie ndo nilioingia huo. Jina la chuo mtoto alilipoteza, deni limebaki na baba. Barua ya msaada ikija, chukua kalamu ukate kila mstari wenye neno mkopo, halafu ujumlishe tena. Vyuo vingine huzipanga ruzuku na mikopo pamoja utadhani zote ni zawadi.

Kuna na mtego wa maombi ya mapema yanayofunga. Mtoto anaomba chuo kimoja mapema Novemba, anajibiwa katikati ya Disemba, na akikubaliwa ameahidi kwenda na kuviacha vingine vyote. Nafasi ya kukubaliwa huonekana kubwa zaidi, kweli, lakini umeshaitoa haki yako ya kulinganisha barua za msaada. Njia ya kutoka ni kuonyesha kuwa msaada hautoshi. Tajiri hana neno na hilo. Wewe fikiri mara mbili.

Na kwa walio na mtoto anayekuja kutoka nyumbani kwa viza ya mwanafunzi: fomu ya FAFSA si yake, msaada wa serikali haupati, na vyuo vinavyomkubali mgeni bila kutazama mfuko wa mzazi wake ni vichache sana. Walio na kadi ya kijani na wakimbizi waliokwishapewa hadhi hiyo kisheria, wao FAFSA wanaijaza.

Nisisahau upande mwingine wa shilingi. "Kinachomfaa" isiwe mlango wa kuingilia matapeli. Vyuo vya biashara vilivyokuwa vikijitangaza kwenye televisheni usiku kucha kwa kazi za haraka, Corinthian kilianguka mwaka 2015 na ITT mwaka 2016, vikawaacha maelfu na madeni. Angalia College Scorecard, tovuti ya Wizara ya Elimu: inaonyesha wangapi wanamaliza, wana deni gani, wanapata kiasi gani baadaye. Chuo ambacho nusu ya wanafunzi hawamalizi hata kwa miaka sita, kiwe na jina au kisiwe nalo, kiulize maswali magumu.

Na binti tulifanya vyengine kabisa. Tulikwenda kwenye vyuo siku ya kawaida, si ile siku ya maonyesho yenye maputo. Nilimwomba akae darasani peke yake, mie nikenda kula kwenye bwalo na kuwauliza wanafunzi suali moja: "Ulipofeli, nani alikusaidia?" Katika chuo kimoja walitazamana. Katika kile kidogo msichana mmoja alinitajia jina la mwalimu, na ofisi yake iko wapi, na kuwa ana sahani ya biskuti mezani. Niliuliza kama wanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia wanaingia maabara na profesa, nikaambiwa hakuna wengine wa kuingia naye, manake chuo hakina wanafunzi wa uzamili. Niliuliza mabweni yakifungwa Disemba wasiokuwa na pa kwenda wanalala wapi. Tuliuliza pahala pa kusali na chakula cha Ramadhani. Basi la kurudi nyumbani ni saa ngapi na kiasi gani. Msidharau suali la basi: mtoto anayeweza kuja nyumbani mara moja kwa mwezi akala wali wa nazi akarudi, hali yake si sawa na anayelia peke yake bweni.

Utafiti wa Gallup na Chuo Kikuu cha Purdue wa mwaka 2014, ulioulizia watu zaidi ya 30,000 waliomaliza vyuo, ulikuta kitu kinachofanana na ile sahani ya biskuti: aina ya chuo ilihusiana kidogo sana na hali ya mtu kazini na maishani baadaye, lakini kuwa na mwalimu aliyemjali na kumpa moyo kulihusiana sana.

Yule mkubwa wangu mtapenda kujua. Alikaa mwaka mzima akifanya kazi ghalani, kisha akajiandikisha komyuniti koleji hapa mjini, darasa la watu 24. Mwalimu wa saketi za umeme, mzee mmoja aliyestaafu kiwandani, alimshika mkono. Krediti zake zikahamia chuo cha jimbo, akamaliza mwaka 2018. Anatengeneza mashine za hospitali. Mkopo wangu bado naulipa.

Rafiki yangu wa Virginia nilimshauri jambo moja kabla ya tarehe 1 Mei: aiandikie barua ofisi ya msaada wa fedha ya chuo kile kidogo. Fomu ya FAFSA haina pahala pa kuandika dola 300 unazompelekea mama yako kila mwezi, wala ada ya skuli ya mtoto wa marehemu ndugu yako, lakini maofisa wa chuo wanaruhusiwa kisheria kuitazama upya hali ya familia ikiwa una sababu na ushahidi. Aambatanishe risiti za kutuma fedha za miezi 12, barua ya hospitali, na ofa ya kile chuo kingine, aandike kwa adabu na ataje ni kiasi gani hasa anachopungukiwa. Hawalazimiki kukubali. Barua ameshaipeleka Jumatatu. Mpaka naandika haya majibu hayajarudi, na mkewe bado hasemi naye vizuri.